Mwanangu, lilikuwa kivulini

Mwanangu mpenzi,

Picha zote 11 zimefika, na swali lako nimelisoma mara tatu: "Mama, kati ya magari haya mawili ya porini ninunue lipi, lile jeupe lenye kilomita 118,000 au lile kuukuu lenye 312,000?" Hela uliyonayo umenitajia. Umenisihi pia nikujibu kabla ya Jumamosi, kwa kuwa mwenye lile jeupe anasema kuna mtu mwingine analitaka.

Hilo la mtu mwingine ndilo lililoninyima usingizi. Magari nitayafikia.

Gari letu la kijani unalijua kwa masimulizi tu, maana ulikuwa na miaka minne. Dada yako akitaka kumnyamazisha baba yenu kwenye jambo lolote la fedha humwambia, "Baba, kumbuka la kijani," naye hucheka, huinuka, hutoka nje kana kwamba kuna kitu amekisahau huko. Miaka 26 amecheka hivyo. Dada yako nitamwambia mwenyewe, lakini wewe umeuliza, basi uwe wa kwanza kujua: la kijani nililichagua mimi.

Tulifika saa kumi jioni. Baba yako, hata kabla ya kumaliza salamu na yule bwana, aliweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto. Akanitazama. Nikamwambia, "Jua hilo." Gari lilikuwa kivulini, mwanangu. Lilikuwa limeegeshwa chini ya mti mkubwa, na mimi nikasema jua.

Sasa nakueleza kwa nini alinitazama. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha mengi. Ya dizeli iliyochoka, yenye mgandamizo hafifu au plagi za kupasha zilizokufa, husumbua kuwaka ikiwa baridi. Ikishapata moto inaitika kwa ufunguo mmoja kama mpya. Na ule moshi wa bluu wa sekunde chache za kwanza asubuhi, unaokwambia kuwa oili imekuwa ikipenya usiku kucha, saa kumi jioni hauuoni. Kwa hiyo baba yako alitaka turudi siku ya pili asubuhi. Ndipo simu ya yule bwana ikalia. Ikalia tena. Akasema kwa upole sana, "Samahani, ni yule mwingine."

Nikamvuta baba yako pembeni. Nilikuwa nimeshajiona nimekaa mle ndani, unaelewa? Rangi ilikuwa inang'aa, mazulia mapya, ndani kunanukia sabuni. Nikamwambia tukilala, tumelikosa. Akasema, "Kama wewe umeridhika, sawa." Hela akahesabu yeye, na aliyehesabu ndiye aliyebaki na lawama.

Wiki ya tatu ulikuwa umekaa nyuma unachezea mkanda wa kiti. Ukauvuta, ukauvuta, mpaka ukafika mwisho wake, mahali ambapo mtu mzima akijifunga hafikii. Kile kipande cha mwisho, kama mkono mmoja hivi, kilitoka kikiwa kigumu na rangi ya udongo. Tope kavu likapasuka likaanguka juu ya soksi zako nyeupe. Palipoishia safi na palipoanzia tope palikuwa na mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Maji yalikuwa yameingia mle ndani yakatulia, halafu mtu akaosha kila kitu isipokuwa kile kilichojikunja ndani ya nguzo. Baba yako aliona kwenye kioo. Hakusema neno.

Siku nne baadaye, kwenye kalavati dogo ambalo hata baiskeli hupita, kitako cha nyuma kikaporomoka. Fundi wa kuchomelea alilala chini, akakwangua lami nyeusi iliyopakwa juzi juzi, akasukuma bisibisi pale springi inaposhikana na chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Ikaingia mpaka kwenye mpini. Ndani mlikuwa na puti na kipande cha bati kilichokatwa vizuri, nikiri, kwa mkono wa mtu anayeijua kazi. Kulitengeneza kulikula zaidi ya nusu ya hela tuliyolinunulia, na injini, ile injini tuliyokuwa na wasiwasi nayo, ilikuwa nzima kabisa.

Tangu siku ile nasema, nanyi mmechoka kunisikia: gari ni mifupa, mengine ni nguo. Injini hushushwa ikapandishwa nyingine. Giaboksi hali kadhalika, difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli), milango, hata bodi nzima. Chesisi ikioza, unalijenga gari upya kuanzia chini, na hata namba ya gari imegongwa kwenye chuma hicho hicho.

Watu watakutajia majina. Watakwambia Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza 1984 na bado inatoka kiwandani. Watakwambia Nissan Patrol, au Suzuki Jimny kwa kuwa ni jepesi na halizami upesi. Yote ni magari ya maana, na jina halizuii kutu hata kidogo. Chukua mfano wa Land Rover zile za zamani, tangu 1948: bodi yake ni ya alumini, ambayo haioti kutu kama chuma, lakini imekaa juu ya chesisi ya chuma. Unaweza kulikuta juu limenyooka na kung'aa, na chini bisibisi inaingia kama kwenye sabuni. Ndiyo maana nasema mifupa.

Basi lala chini. Chukua mkeka, tochi, nyundo ndogo na bisibisi. Usimwachie fundi peke yake, nenda naye, lakini ulale na wewe. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma huku ukisikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya kadibodi. Gonga zaidi mahali tope linapokaa: pale springi zinaposhikana, juu ya ekseli ya nyuma ambapo chesisi inajipinda, na ile boriti ya mwisho nyuma kabisa. Ingiza kidole kwenye matundu ya pembeni. Tope la kawaida si kosa, hili ni gari la porini. Kitakachokutisha ni magamba ya kutu yanayotoka kama maganda. Tazama mistari ya kuchomelea: ya kiwandani imetulia na inafanana kushoto na kulia. Ukiona mmoja upande mmoja tu, uliza.

Ukiwa huko huko chini, shika shafti, ule mwamba wa duara unaopeleka nguvu kwenye ekseli, kwa mikono miwili uizungushe mbele na nyuma. Krosi, vile viungo vya ncha zake, zikiwa zimelika utasikia mchezo, na barabarani zitagonga kila ukibadili kutoka kwenda mbele hadi kurudi nyuma. Tazama mabega ya ekseli ya mbele, nyuma ya magurudumu: kama grisi imeyeyuka na kuchuruzika, sili za ndani zimekufa na oili ya difu imechanganyika nayo. Hilo linatengenezeka, ni uchafu na saa nyingi tu. Fungulia nati ya difu kidogo. Oili yenye rangi ya maziwa maana yake limevuka mto na maji yakaingia. Hapo ndipo urudi kwenye mikanda ya viti, uivute yote minne hadi mwisho.

Ukimaliza kulala, endesha. Kwenye lami kavu usilijaribu 4x4, yaani kuendesha kwa magurudumu yote manne, la aina ya kuingiza kwa mkono, maana shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na magurudumu hayana pa kutelezea, utalikaba bure. Tafuta udongo au changarawe. Ingiza, kata kona taratibu, sikiliza. Gia nzito, ile ya mwendo wa pole na nguvu nyingi, uiingize limesimama. Yapo magari mengi yaliyouzwa kwa sifa za porini ambayo mkono huo wa gia haujaguswa miaka na miaka, umeganda pale pale.

Moshi unajua mwenyewe, nisikuchoshe: bluu ni oili, mweusi wa dizeli ni mafuta mengi au hewa kidogo, mweupe usiokoma wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Uliza ukanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kama injini yake ni ya ukanda. Nyingi hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na neno la mdomo bila risiti lihesabu kuwa haukubadilishwa. Na namba ya chesisi uisome kwenye chuma chenyewe, usiridhike na kadi. Ile ndefu ya herufi na tarakimu 17 haina I, wala O, wala Q ndani yake, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi zaidi, hayo usiyashuku kwa hilo. Pakionekana pamepigwa msasa kuzunguka namba, shika mkeka wako uondoke.

Kuhusu magari yako mawili mimi sisemi. Sijalala chini yake, na nimeapa sitachagua tena gari kwa macho.

Lakini picha ya sita nimeikuza. Tairi la mbele la lile jeupe lina namba nne kwenye kiduara: 0914. Ni wiki ya 9 ya mwaka 2014. La nyuma ni 3121. Kwa hiyo tairi hazikununuliwa pamoja, na moja ni kizee linalong'arishwa kwa dawa. Hilo si kosa kubwa, tairi ni nguo. Isipokuwa ni tairi pana na refu kuliko za kiwandani, na springi zimeinuliwa, na gari linalozungusha gurudumu kubwa bila kurekebishwa kipimo huhesabu kilomita pungufu ya zile lilizokwenda. Zile 118,000, je, ni za tairi gani? Na mpira wa pedali ya klachi, picha ya tisa, umelika upande mmoja hadi chuma kinaonekana. Mguu wa kilomita 118,000 haufanyi vile. Au unafanya? Kama liliishi kwenye foleni za mjini unaweza kufanya. Sitaki kumsingizia mtu nisiyemjua.

Na chini ni jeusi tii, lami mbichi. Nilipoiona picha ile mkono ulinitetemeka kidogo, nakuambia kweli. Baba yako akasema wapo watu waungwana wanaopaka chesisi kwa nia njema, na ana haki, hata sisi tumepaka la sasa. Ila sisi tulipaka ili tulitumie. Mtu anayepaka mwezi wa kuuza anamhifadhia nani?

Basi, tuseme lile kuukuu. Kilomita 312,000 ni 312,000, kiti cha dereva kimechanika, mlango wa nyuma umebonyea, na pale kwenye giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, pana mvujo wa oili. Baba yako anasema gari linalovuja walau lina oili. Mimi mzaha huo siupendi, sili inayovuja ukiipuuza inaua beringi. Lakini mwenye nalo amelipiga picha chini bila kulipaka, kutu nyepesi ya juu juu ikionekana waziwazi, na umesema amekuwa nalo miaka 14 na ana bahasha ya risiti. Hizo risiti uzisome kwa tarehe na kilomita, zipande pamoja. Usidanganyike na uzito wa bahasha. Mtu anaweza pia kulipenda gari lake kwa miaka 14 bila kulibadilishia oili ya difu hata mara moja. Mapenzi si matengenezo.

Sisemi.

La bei ndilo nitalisema wazi. Usilipe hela yote uliyonayo, hata kwa lililo zuri. Robo iache mfukoni, kwa sababu gari la mkono wa pili, liwe lipi, lina deni la mwezi wa kwanza: oili ya injini, ya giaboksi, ya giaboksi ndogo na ya difu zote mbili, vichujio, mikanda, breki, pengine shokapu. Ukifanya hesabu hiyo, lile jeupe kwa bei aliyotaja limekushinda tayari. Hiyo ni hesabu tu, sio hukumu yangu.

Jana usiku nilimwambia baba yako kwamba nakuandikia habari ya kivuli. Alikaa kimya kidogo. Akasema, "Mwambie pia kwamba mimi nilijua ni kivuli." Nikamuuliza kwa nini basi alilipa. Akasema ulikuwa umeshalala begani mwake, na mimi nilikuwa na furaha. Sijui nifanye nini na jibu hilo. Nimeliweka hapa ulibebe na wewe.

Jumamosi tutakupitia saa kumi na mbili asubuhi. Mkeka na tochi viko kwenye buti. Mwambie mwenye lile jeupe asiliwashe kabla hatujafika, na simu ya yule mwingine ikilia, tutasubiri amalize kuongea. Mwenye lile kuukuu muulize tu kama ana ufunguo wa pili.

Mama yako