Andika Wasifu wa Mama Angali Anaweza Kuusahihisha

Wasifu mwingi tunaousikia mazishini huku Kisumu huandikwa usiku wa kuamkia maziko. Binamu mwenye mwandiko mzuri hukalishwa pembeni na kalamu, shangazi wanabishana juu ya mwaka wa ndoa, na kinachotoka ni kile kile: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, ameacha watoto na wajukuu. Kesho yake kinasomwa kwa kipaza sauti, na jirani aliyemjua marehemu kuliko sisi sote anatikisa kichwa chini ya hema.

Mama yangu alikuwa mkutubi hadi alipostaafu. Niliona ni aibu mtu aliyepanga vitabu vya wengine maisha yake yote aje apangwe ovyo hivyo. Kwa hiyo tunauandika sasa, naye ndiye mhariri.

Tarajia upinzani, na hautatoka kwa mzee. Ndugu zangu walilalamika kwamba namletea mama uchuro. Yeye aliuliza tu kama karatasi zitakuwa na mistari.

Usimwambie mzee, "Tusimulie maisha yako." Utapewa hotuba ya wageni. Mpelekee kitu mkononi. Mimi nilimpa kadi ya zamani ya katalogi niliyoikuta ndani ya Biblia yake, na asubuhi nzima ikaisha. Nikasikia habari za droo za mbao na muhuri wa tarehe, na kwa nini vitabu vya watoto huchakaa kwanza juu ya mgongo: mtoto hukivuta kwa kidole kimoja. Nikasikia pia habari za rafu ya 649, namba ya maktaba ya vitabu vya malezi ya watoto, ambapo akina mama kutoka Nyalenda walikuwa wakisimama na watoto mgongoni, wakiona haya kuuliza. Hakuwafuata. Aliweka kiti pale, basi.

Sasa tarehe. Hapa usiamini kitambulisho. Wazee wengi wa umri wake waliandikiwa mwaka wa kukisia. Cha mama kinasema 1942, lakini bibi alikuwa akisema binti huyu alizaliwa wanaume wa kijiji wakiwa Burma, na askari wa Afrika Mashariki walipelekwa kupigana huko 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia. Tofauti hiyo si ya mapambo. Enzi zake mtumishi wa umma alistaafu akitimiza miaka 55 (umri huo ulipandishwa hadi 60 mwaka 2009), kwa hiyo kalamu ya karani ilimla mama mshahara wa miaka miwili, au zaidi. Anasimulia hayo akicheka. Mimi bado sijaanza kucheka.

Dawa yake ni kuacha kuuliza "mwaka gani" na kuuliza "kulikuwa na nini." Kazi ya maktaba aliipata baada ya sheria ya huduma ya maktaba ya taifa, ya 1965, hilo analikumbuka kwa sababu vitabu vilikuwa vipya kuliko meza. Kifungua mimba wetu? "Mboya alipouawa tumbo lilikuwa limeanza kuonekana." Waziri Tom Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969, basi kaka alizaliwa kabla mwaka haujaisha, cheti chake kiseme kitakavyo. Kitinda mimba alianza uji mwaka wa mahindi ya manjano, njaa ya 1984. Na mwaka timu ya soka ya Gor Mahia ilipochukua Kombe la Mandela la vilabu vya Afrika, 1987, ndio mwaka wanaume walioingia kusoma gazeti tu walianza kuazima vitabu, kwa maelezo yake. Hili la mwisho nalitilia shaka, lakini limeandikwa, kwa maneno yake na jina lake pembeni.

Halafu muulize alitaka kujua nini. Wasifu hutaja vyeti vya mtu na kusahau udadisi wake. Mama alikuwa na daftari la maswali ya wasomaji yaliyomshinda, na akifika nyumbani aliendelea kuyatafuta huku sukuma inaungua. Mvuvi wa Dunga alitaka kujua Ziwa Victoria lililopanda baada ya mvua kubwa za 1961 litarudi lini likamwachie shamba. Mwaka 2020 ziwa lilipofurika tena, mama alilitafuta daftari hilo kabla ya kutafuta viatu.

Watoto wahojini mmoja mmoja, tena faragha. Kaka yangu alilelewa na mwanamke mkali aliyefanya kazi hadi Jumamosi. Mdogo wetu alilelewa na mtu mwenye muda na pensheni. Wote wawili wanasema kweli. Msiwapatanishe kwenye karatasi, na msiufiche uchungu wa Jumamosi zile. Nilipomsomea mama sehemu hiyo alinyamaza kidogo, akasema, "Iache. Ila andika pia kwamba karo ililipwa."

Yapo aliyoyafuta. Ni haki yake, nami sikuuliza mara ya pili.

Mengine ni ya mikono tu. Rekodi kwa lugha anayogombezea watu. Kwetu ni Dholuo, Kiswahili kinakuja baadaye. Keti naye baada ya chai ya saa nne, si jioni akiwa amechoka. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli laini, maana wino hupenya. Weka nakala kwa watoto tofauti, si zote kwenye simu moja itakayoangukia ndani ya matatu ya Kondele.

Rasimu ikikamilika, chapa kwa herufi kubwa na nafasi pana kati ya mistari, umpe na penseli. Yangu ilirudi na wajukuu wamepangwa upya kialfabeti, tarehe mbili zimekatwa, na ukurasa wa mwisho kumeandikwa: "Faharasa iko wapi?"