Babu yako na viatu vya vitani

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Tabora hatujambo.

Uliponipigia simu kutoka Bukoba, ukasema umepita Kaboya ukaona makaburi ya askari wetu, uliniuliza: "Mama, babu alipigana kweli Vita vya Kagera, au alikuwa anashona viatu tu?" Sikukujibu palepale kwa sababu koo lilinikaba. Nakujibu sasa. Alifanya yote mawili, na hilo neno "tu" nakuomba uliondoe.

Nilikuwa na miaka tisa. Babu yako alikuwa na kibanda chini ya mwembe karibu na soko. Tarehe 2 Novemba 1978 tulijazana kwa jirani mwenye redio, Mwalimu akatangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo. Majeshi ya Amin yalikuwa yameshavuka mpaka na kudai eneo lote la kaskazini ya mto Kagera ni la Uganda. Babu yako alikuwa mgambo. Walipoitwa, alimkabidhi bibi yako funguo za kibanda, akatia kwenye begi msharasi, sindano mbili na donge la nta. Nilimwona kwa macho yangu.

Walipanda treni hadi Mwanza, kisha meli. Huko alipewa bunduki kama wenzake na aliitumia. Hilo hakupenda kulisimulia nami sikumbana. Alichosimulia ni miguu. Kutoka Mutukula, mpakani, hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na wengi walizitembea. Walipofika Lukaya, njiani humo, mwezi wa Machi 1979, barabara imepita katikati ya kinamasi. Buti likilowa siku tatu mfululizo uzi unaoza, soli inaachama, na askari mwenye kidonda cha mguu hafiki popote. Basi usiku, wenzake wakilala, yeye anashona. Uzi anaupitisha kwenye nta mara tatu. Anatoboa kwa msharasi, sindano moja inaingia huku, ya pili inaingia tundu lilelile kutoka upande wa pili, halafu anavuta kwa mikono yote miwili hadi uzi unalia. Taa hairuhusiwi, kwa hiyo tundu alilitafuta kwa ncha ya kidole.

Jioni moja kijana wa kikosi chao alimletea buti la kushoto. Babu yako alikuwa amechoka sana, akamwambia, "Njoo kesho." Usiku wakahamishwa ghafla, kijana akaondoka na kiatu kile kikiwa kimefungwa kamba ya katani. Asubuhi walishambuliwa. Hakurudi. Babu yako hakusema kwamba kiatu ndicho kilichomuua, wala mimi sisemi hivyo. Lakini aliponisimulia, miaka mingi baadaye, alishindwa kumaliza.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, naye akarudi nyumbani mwaka huohuo. Alikuta ngozi hakuna, sabuni hakuna, sukari kwa foleni. Akaanza kukata matairi na kutengeneza katambuga, ndizo zilizotusomesha.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la pili, ulivyolia pale kibandani ukitaka kwenda kucheza, naye akakukalisha peku juu ya boksi hadi kiatu chako cha shule kikaisha, giza likaingia, akawasha koroboi? Ulimwona mkali. Hivyo ndivyo alivyowafanyia wateja wote. Tangu vita, hakuna aliyeambiwa kwenye kile kibanda aje kesho.

Jina la kijana yule hakunitajia. Kabla hujaondoka Bukoba, rudi Kaboya, upite makaburini taratibu, uwaombee wote. Na ukitoka huko nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako