Oktoba ya Lubumbashi, kwa mama anayehamia na watoto

Kama unatoka Limuru kama mimi, au Njombe, na mzee amepata kazi Lubumbashi, usidanganyike ukifika Juni. Usiku ni baridi, utavaa sweta na kujiuliza joto la Kongo liko wapi. Linakuja Septemba, linakomaa Oktoba, na halilegei mpaka mvua zikolee Novemba.

Oktoba yetu ya kwanza kitinda mimba wangu, wa miezi minne, alilia kutwa nzima, mwili moto, shingo imejaa vipele vyekundu. Nikamwongezea blanketi, maana ndivyo nilivyolelewa. Mama jirani akaingia, akamgusa kifua, akasema, "Mama, mutoto hana ugonjwa. Umuvue tu." Tukamwacha na nepi, nikampangusa kwa kitambaa chenye maji, na jioni alikuwa anachezea vidole vyake. Vile vipele vilikuwa harara. Ila nisikupotoshe: mwili ukibaki moto hata baada ya kumvua, mpeleke hospitali siku hiyohiyo apimwe malaria, usikae unabashiri. Na maji usimpe. Kabla ya miezi sita titi linamtosha hata kwenye joto hilo. Wa kunywa maji ni wewe, kisha umnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Lililobaki ni kupanga upya saa za nyumba. Sombe, yaani kisamvu, inachukua muda mrefu motoni, kwa hiyo mbabula, jiko la makaa la hapa, nawasha saa kumi na moja alfajiri, nje, chini ya mwembe. Mchana ni kusonga bukari tu, yaani ugali. Kwetu jiko la makaa ndilo lililopasha sebule joto; hapa litoe nje. (Hata Juni baridi ikikubana, usiliingize chumbani ukafunga mlango. Hewa ya makaa inaua watu usingizini.)

Madirisha yenye wavu yafungue usiku, halafu saa mbili asubuhi funga yote, shusha mapazia, kabla bati halijaanza kulia ta, ta, ta. Mume wangu aliona nimerukwa na akili, kufunga madirisha kwenye joto! Tuligombana wiki nzima. Siku moja akarudi saa nane mchana, akavua shati, akajilaza sakafuni sebuleni. Hakusema kitu. Kesho yake mapazia alishusha yeye.

Feni nunua ukipenda, lakini umeme hukatika. Mimi naamini zaidi leso, ambayo hapa ni kikwembe: iloweshe, uitundike penye upepo. Oktoba hewa ni kavu, inasaidia kweli. Mvua zikianza itakuletea uvundo tu. Bidoni, yaani madumu ya maji, jaza usiku, maji yakiwa yanatoka.

Na sweta za watoto zitunze. Zangu nilizigawa zote Oktoba ile kwa hasira, Juni nikaenda sokoni kununua nyingine.