Kwa wanaotaka kuanza kuwinda koyote, yule mnyama wa porini ndugu wa bweha, hapa jimbo la Maine, Marekani: bunduki ni kitu cha mwisho

Wadogo zangu mliofika Lewiston na Portland juzi juzi, kila baridi ikianza napata meseji zile zile, kaka nasikia unawinda koyote usiku nifundishe, kaka ninunue bunduki gani. Kila mtu anaanza na bunduki. Mimi mwaka wa kwanza nilianza na bunduki pia, nikakaa porini usiku kumi na moja kwenye baridi ya kuua mtu na sikuona hata mkia, kwahiyo naandika hapa mara moja nisirudie rudie.

Kabla ya yote makaratasi. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu asiye na hadhi halali kuwa na bunduki au hata risasi moja, na walioingia kwa viza za muda nao wamebanwa, labda watimize masharti fulani. Na usiniambie "nitaazima tu ya rafiki", kushika ni kushika. Kama kesi yako ya hifadhi ya ukimbizi bado inasubiri, muulize wakili wako kwanza, sio mimi na sio mshikaji wako wa kazini, maana koyote mmoja hawezi kuwa na thamani ya kesi yako. Ukishakuwa salama hapo unafanya kozi ya usalama wa wawindaji, bila hiyo mtu mzima anayeanza hapati leseni. Halafu kuna kibali cha usiku, msimu wa usiku unaanza tarehe 16 Desemba mpaka 31 Agosti, na ukiwa huko uwe na filimbi au spika ya kuitia wanyama, sheria inataka uwe nayo hata kama unategemea chambo. Jumapili hakuna kuwinda Maine, hakuna kabisa, ikifika saa sita usiku wa Jumamosi unafungasha unarudi nyumbani. Wenye kanisa asubuhi hapo hamna shida.

Sasa mnyama mwenyewe. Wale waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kama mimi mkisikia koyote mnafikiria bweha. Ni ndugu yao ndio, ila huyu wa huku mashariki ana damu ya mbwa mwitu wa huku (wolf) ndani yake, mkubwa anafika kilo 15 mpaka 20, manyoya mazito, na alifika Maine miaka ya 1930 huko, yaani hata yeye ni mhamiaji. Baridi ikiwa kali na theluji ikawa nene panya wanajificha chini, chakula kinakuwa shida, hapo ndipo chambo kinapofanya kazi. Januari mwishoni na Februari ni wakati wao wa kupandana, wanatembea wawili wawili na wanatembea sana, na ngozi bado nzuri. Machi manyoya yanaanza kuchakaa.

Chambo chenyewe ni kazi ya wiki, sio ya siku, na hapa ndipo watu wote wanapoharibu. Mtu anamwaga nyama Ijumaa, Jumamosi anakaa na bunduki. Koyote haji. Koyote akikuta nyama sehemu ambayo jana haikuwepo anaizunguka usiku mzima kwa mbali, unakuta nyayo zake asubuhi zimechora duara na nyama haijaguswa. Lazima azoee. Mimi naanza kuweka mwanzoni mwa Desemba, kwanza naomba ruhusa ya mwenye shamba, naweka na lebo yenye jina na anwani yangu pale kwenye chambo, halafu nalisha wiki tatu bila kukaa hata usiku mmoja. Naenda muda ule ule mchana, napita njia ile ile, naacha pikapu sehemu ile ile, namwaga naondoka, sizunguki zunguki kuangalia nyayo. Wakishakuzoea wewe ni kama yule jamaa wa takataka tu, anakuja anaondoka, hana habari na mtu.

Nyama inatoka wapi? Mabaki ya buchani, mifupa na mafuta, na miili ya biva (wale wanyama wa mtoni wanaojenga mabwawa) waliochunwa, hao unaomba kwa watega mitego, wengi wanakupa bure kwasababu hawana pa kuitupa. Kulungu aliyegongwa na gari usiokote hivi hivi, mpigie kwanza askari wa wanyamapori. Na mabaki ya mnyama aliyepigwa risasi ya madini ya risasi kata ile sehemu yote ya jeraha utupe mbali, kwasababu mchana tai wanakula hapo hapo na vile vipande vidogo vinawaua.

Tena hao ndege. Mwaka wangu wa kwanza niliweka kama kilo ishirini za nyama imekatwa katwa vizuri utafikiri napika pilau, baada ya siku mbili imebaki theluji nyekundu na kinyesi cha kunguru. Mzee mmoja mzungu tuliyekuwa tunafanya naye zamu ya usiku alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanifundisha ndoo. Unachukua ndoo ya lita 20, unajaza mabaki, unamwagia maji mpaka juu, unaiacha nje usiku mbili au tatu inakuwa jiwe. Ukifika shambani unamwagia nje ya ndoo maji ya moto kidogo ya kwenye chupa ya chai, jiwe linachomoka zima. Sasa kunguru anadonoa donoa hapati kitu cha maana, na koyote hawezi kubeba akakimbia, inabidi asimame hapo agugune nusu saa. Hiyo nusu saa ndio kila kitu.

Kuhusu upepo sitasema mengi, ukikosea upepo rudi nyumbani ukalale, basi. Huku baridi upepo mwingi unatoka kaskazini magharibi, kwahiyo unachagua sehemu ya kukaa mapema, kama mita 80 mpaka 100 kutoka kwenye chambo, upepo ukupige usoni ukitokea upande wa chambo. Na mgongoni kwako pawe na kitu kinachomkatisha tamaa kuzunguka, mto ulio wazi, barabara, uwanja mpana. Upepo ukigeuka usiku huo usiende hata kama umeomba ruhusa kazini na mwezi umejaa. Najua inauma.

Usiku wenyewe. Mwezi mpevu juu ya theluji unaona kama taa za uwanja wa mpira, unaona mpaka sungura. Nakumbuka Januari moja, hasi 22 selsiasi, nimekaa tangu saa moja jioni, saa nne na kitu nikasikia theluji inalia kwa mbali, ile ngozi ya juu ilikuwa imeganda, kwahiyo kila hatua kachu, kachu, halafu kimya. Walikuwa wawili. Mmoja akalala chini kabisa pembeni ya vichaka kama mbwa wa nyumbani anayesubiri chakula, mwingine akasimama pua juu. Dakika ishirini hivyo. Ukiwaangalia ni wazuri aisee, sitakudanganya. Yule wa pua akaanza kuja, hatua tatu anasimama, hatua tatu anasimama, mimi nikanyanyua mkono taratibu kabisa kushika bunduki na jaketi langu jipya la nailoni likasema shwaaa. Sikuwaona hata wakigeuka. Palikuwa na wawili, pakawa hapana kitu. Wiki mbili hawakurudi. Tangu hapo nguo ya juu ni sufu, hata kama imechakaa, nanunua za mtumba, na jinzi usivae kabisa, ikilowa umekwisha.

Bunduki isiingie ndani ya nyumba au kwenye gari lenye joto halafu utoke nayo tena, kioo cha darubini kinafunga ukungu na ukungu unaganda barafu juu yake, hapo unaona maziwa matupu. Iache sehemu ya baridi, bila risasi ndani, imefungwa. Mafuta ya kulainisha pangusa karibu yote, kwenye baridi kali yanakuwa kama gundi na pini haipigi. Betri weka mfuko wa ndani karibu na mwili. Na wale wanaokaa kwenye kibanda na hita ya gesi, acha upenyo wa hewa, huo moshi hauna harufu na usingizi wake haukuamshi.

Halafu angalia unapiga nini. Sio mara moja nimeona macho yanang'aa kwenye chambo ikawa mbwa wa jirani, hasa hawa mbwa wakubwa wa kijivu, gizani ni koyote kabisa. Kaskazini ya jimbo kuna linksi, yule paka mkubwa mwenye masikio ya ncha nyeusi, amelindwa na sheria ya shirikisho, ukimpiga umejiharibia. Mimi nasubiri mnyama ageuke nione ubavu, mkia unaning'inia chini, na nyuma ya chambo pana kilima cha kuzuia risasi. Kama sina uhakika anakula anaondoka, amekula nyama ya bure, kesho atarudi.

Ukimpata vaa glavu za mpira kabla ya kumgusa, wengi wana ukurutu, na mwenye mabaka yasiyo na manyoya hana ngozi ya kuuza. Pesa pia usiitegemee, bei ya ngozi imeshuka sana na kulipa dizeli ya pikapu huwezi. Wenye mashamba wengine watakuambia ua wote wanamaliza kulungu, wengine watakuambia ukiua wanazaa zaidi, mimi naona wote wana ukweli kidogo na sibishani na mtu aliyenipa ruhusa ya shamba lake.

Theluji ikianza kuyeyuka safisha sehemu yako, mifupa yote, kamba, ndoo, lebo. Mwaka juzi nilisahau ndoo moja nusu imejaa chini ya msonobari, nikasema nitaifuata wikiendi. Katikati ya Aprili mama mwenye shamba akanipigia simu, ana sauti ya upole sana yule mama, ananiambia "mbwa wangu ameleta ndoo yako, iko sebuleni, njoo na sabuni."