Barua kwa mwanangu anayekwenda Istanbul

Mwanangu,

Marahaba. Unaniuliza: wewe na mwenzako mkitua Istanbul usiku, hela ni ya kuungaunga, hamjui mtu wala lugha, mfanye nini kwanza, na mbane matumizi wapi? Nakujibu kwa jinsi nilivyoujua mji ule enzi zile nikifuata mzigo wa nguo za duka letu la Mtaa wa Kongo, mimi na shoga yangu niliyekuwa nikisafiri naye.

Usiku wa kwanza msibane. Lipieni chumba kabla hamjaondoka Dar, hata kama ni ghali kuliko mtakapolala siku zinazofuata, na anwani muiandike kwenye karatasi, kila mmoja na yake, maana simu huzima chaji wakati unaihitaji. Mtu aliyechoka, begi mgongoni, saa nane za usiku, hana nguvu ya kupatana bei na yeyote. Hela ya vijana huishia hapo: teksi ya kwanza, chumba cha kwanza, na yule wa kwanza anayejifanya ndugu. Mkishalala na kuoga, zungukeni kwa miguu mtafute hosteli ya bei nafuu.

Sisi tulikuwa tunashukia Atatürk, kiwanja kilichofungwa kwa ndege za abiria mwaka 2019, na treni ilikuwa inatupeleka moja kwa moja hadi mtaa wa Aksaray, katikati ya mji. Kiwanja cha sasa kiko mbali, kaskazini ya mji. Treni ya M11 inatoka pale hadi Gayrettepe. Hapo mnapanda M2 mnateremka Vezneciler, na Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla, iko hatua chache tu. Lakini usiku wa manane treni hulala. Basi mtumie mabasi ya Havaist, au mkae ndani ya kiwanja hadi alfajiri. Kukaa kwenye kiti saa nne si aibu, baba. Saa yao na yetu ni moja, kwa hiyo mwili hautawasumbua sana. Pale kiwanjani badilisheni hela kidogo tu ya kufikia mjini. Nyingine subirini maduka ya mjini yenye maandishi ya DÖVİZ, yaani fedha za kigeni, mlinganishe mawili matatu. Kadi ya İstanbulkart chukueni mapema, ndiyo nauli ya treni, tramu, basi na hata boti.

Nikupe na mfano wa mizigo. Safari moja tulitokeza Aksaray mvua ya baridi inanyesha, na chumba tulichoahidiwa kimejaa. Mwenzangu alitaka tuzunguke wote na mabegi yetu. Nikakataa. Nikakaa juu ya mabegi, mgongo ukutani, chini ya kibaraza cha duka la masanduku lililokwisha kufungwa. Yeye akapanda ngazi za nyumba ya jirani, akafungua bomba aone kama maji ya moto yapo kweli, akajaribu kitasa kwa ndani, akauliza bei ya wawili, akashuka kunieleza. Hatukutoa senti kabla ya hapo. Nanyi fanyeni hivyo: mmoja mizigo, mmoja maneno.

Kuhusu hela kati yenu, semeni sasa hivi mkiwa bado Dar. Wekeni mfuko mmoja wa chakula na nauli, kila mmoja atie sawa, na ukiisha mtie tena kwa pamoja. Mengine kila mtu na yake. Marafiki wengi nimewaona wakinuniana ugenini kwa bei ya chai, na mara nyingi ni njaa tu. Kuleni kwanza, ndipo mjadiliane. Tafuteni lokanta wanazokula wafanyakazi, sahani zinaonekana kwenye kioo, unaonyesha kwa kidole. Supu ya dengu na mkate inashibisha.

Laleli mtakutana na Waafrika wengi, na Kiswahili mtakisikia. Salimianeni, ulizeni njia, ila msimpe mtu hela akawabadilishie. Mpiga kiwi akidondosha brashi mbele yenu, mwiteni aiokote mwenyewe, mwendelee na safari. Ukimwokotea atakushukuru kwa kung'arisha kiatu, kisha atadai malipo. Na Taksim, mtu msiyemjua akiwakaribisha kinywaji sehemu "anayoijua yeye", kataeni wote wawili kwa mara moja. Hapo nawasihi sana.

Burudani isiyowamaliza ni boti ya abiria kutoka Eminönü kwenda Kadıköy: mnavuka Bosphorus kutoka Ulaya hadi Asia kwa nauli ya kadi ileile, kama tunavyovuka Kigamboni. Na mwingie Süleymaniye, msikiti uliomalizwa mwaka 1557 na msanifu majengo Mimar Sinan. Hakuna kiingilio. Mkae kwenye zulia mtazame juu, msiharakishe.

Sasa nijibu leo: tiketi inasema mnatua saa ngapi, na chumba mmelipia au bado? Kama bado, nitakutumia hela ya usiku huo mmoja kesho asubuhi kabla sijafungua duka.

Mama yako