Nyundo ya polo ya baiskeli: kichwa kinapasuka

SWALI: Tunacheza polo ya baiskeli (kupiga mpira kwa nyundo ndefu ukiwa juu ya baiskeli) uwanja wa saruji. Nyundo nimetengeneza kwa bomba jeupe la PVC, lakini vichwa vinapasuka baada ya mechi mbili. Nimekosea wapi? — Msomaji, Tabata

JIBU: Ndugu, tatizo ni bomba. PVC ni ngumu lakini haina unyumbufu. Ikigonga saruji inavunjika vipande vyenye ncha kali. Tafuta HDPE, lile bomba jeusi lenye mistari ya buluu la maji. Chukua la milimita 63, PN16 (daraja la shinikizo la bomba), maana ukuta wake ni karibu milimita 6. Mafundi bomba huwa na vipande vilivyobaki.

Kata sentimita 13, ncha zote mbili ziwe wima kabisa. Bao hufungwa kwa ncha, si kwa ubavu, hivyo ncha iliyopinda hupeleka mpira pembeni.

Mpini: bomba la aluminiamu la milimita 16 kutoka kwa fundi madirisha. Anza na sentimita 95, utapunguza baadaye. Toboa kichwa juu na chini kwa biti ya milimita 15, kisha panua kwa tupa hadi mpini uingie kwa kugongwa. Hapa usiharakishe: tundu likilegea, kichwa kitacheza na bolti itatafuna aluminiamu hadi ikatike.

Funga bolti moja ya milimita 5 ikipita ubavu hadi ubavu, na nati yenye plastiki ndani. Juu ziba mpini kwa kizibo imara. Bomba wazi hujeruhi vibaya mtu akianguka. Mshiko, viringisha tyubu kuukuu.