Jibu: Nimemsamehe kaka yangu, lakini anataka nimdhamini tena

Pole sana dada. Unauliza kama kukataa kumdhamini kaka yako mkopo wa pili wa sacco, kile chama chenu cha akiba na mikopo, baada ya ule wa kwanza kukatwa kwenye akiba yako, ni ishara kwamba hujamsamehe. Mimi naona hapana.

Binamu yangu tuliyekaa naye mtaa wa Umoja alijua namba yangu ya siri ya M-Pesa. Akawa anajitumia mia mbili, mia tatu, hadi siku ya kulipa kodi nikakuta pesa hazitoshi. Alilia, nikamsamehe kwa moyo wote, na jioni hiyohiyo nikabadilisha namba. Siku hizi anakuja Jumapili, tunakula chapati na ndengu, tunacheka. Simu inakaa mfukoni mwangu.

Ukitia sahihi ile fomu, akiba yako inashikiliwa mpaka mkopo uishe au apatikane mdhamini mwingine. Na hiyo ndiyo karo ya watoto, dada!

Wanaokukumbusha kusamehe "saba mara sabini" wasome Mathayo 18 yote. Mstari wa 15 unamtuma aliyekosewa aende kwa ndugu yake, wawili peke yao, amweleze kosa. Fanya hivyo. Mwambie, "Kaka, nimekusamehe, lakini sitakudhamini." Usimpe sababu kumi. Atanuna, pengine na mama atakupigia kutoka nyumbani, vumilia. Ukiguswa kumsaidia, mpe kiasi ambacho hata asiporudisha utamkaribisha chai bila kinyongo.